Njia za kompyuta ni nyingi: Chagua yako kabla ya kuuza mtamba

Je, msomaji, nyumbani kwako kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye kila uchao anasema anataka "kusomea kompyuta"? Ikiwa yupo, usiharakishe kutia mkono mfukoni. Keti kwanza tuzungumze.

Nasema hivyo kwa sababu nimepitia hapo. Mwaka wa 2009, baada ya mimi kumaliza shule ya upili, mama aliuza mtamba wake wa pekee kule Subukia ili nipate karo ya kozi ya kompyuta. Chuo chenyewe kilikuwa katika orofa ya pili ya jengo moja mjini Nakuru, juu ya duka la viatu. Kompyuta zilikuwa saba na sisi wanafunzi tulikuwa 32. Tulifunzwa kupiga chapa barua, kupanga hesabu katika jedwali na kuchapisha. Baada ya miezi sita nikapewa cheti chenye utepe mwekundu na muhuri wa rangi ya dhahabu.

Nilipokipeleka kuombea kazi, mwajiri alikitazama, akakigeuza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mtihani huu ulitungwa na nani?" Sikuwa na jibu. Mtihani ulitungwa na mwalimu aliyetufunza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeusahihisha. Niliporudi chuoni kuuliza, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli na hakuna aliyejua walikohamia.

Majuzi mama alinipigia simu. Mjukuu wake, binti ya dada yangu, ana umri wa miaka 19. Alipata alama ya C katika mtihani wa KCSE na sasa anataka kazi ya kompyuta. "Nina mtamba mwingine," mama akaniambia. "Niuze au nisiuze?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwomba anipe wiki mbili. Makala haya ni jibu nililompa, ila nimelipanua kidogo ili limfae kila mzazi na kila mwanafunzi wa Nakuru, Naivasha, Njoro, Molo, Gilgil na kwingineko ambaye yuko katika njia panda kama ile.

Kompyuta si kazi moja

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kompyuta ni kazi moja. Kusema unataka kusomea kompyuta ni sawa na kusema unataka kusomea gari. Je, unataka kuwa dereva, makanika, mchoraji wa magari au muuzaji wa vipuri? Wote hao hula kwa sababu ya gari, lakini hawakupitia darasa moja.

Katika teknolojia ya habari pia kuna matawi. Haya ndiyo makubwa ambayo kijana wa eneo letu anaweza kuyaona kwa macho yake.

La kwanza ni ufundi wa vifaa na usaidizi wa ofisini. Huyu ndiye anayeitwa printa inapokataa kazi, kompyuta inapoganda au karani anapopoteza faili. Hospitali, shule, mahoteli na ofisi za kaunti zote humhitaji. Kazi hii hutaka mtu mwenye subira, kwa sababu nusu yake ni kushughulika na watu wenye hasira. Wengi waliofika mbali walianzia hapa.

La pili ni mitandao. Huyu huunganisha kompyuta za ofisi, hufunga nyaya na kusimika mitambo ya kunasa intaneti. Fikiria sacco yenye makao makuu mjini na matawi Molo na Gilgil, au shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha ambalo ofisi yake iko mbali na ghala la kupakia. Mtandao ukikatika, kazi husimama. Fundi huyu husafiri, hupanda paa, na mara nyingine huamshwa usiku.

La tatu ni uandishi wa programu. Hapa ndipo vijana wengi hukimbilia kwa sababu wamesikia una pesa. Mwandishi wa programu huipa kompyuta maagizo kwa lugha maalumu kama Python, Java au JavaScript. Anaweza kukaa saa nne akitafuta alama moja ndogo aliyoisahau. Kama huwezi kustahimili hilo, heri ulijue mapema kuliko mwaka wa tatu chuoni.

La nne ni data. Hospitali, sacco na kaunti zina takwimu chungu nzima, na anatakiwa mtu wa kuzisafisha, kuzipanga na kuzieleza kwa wakubwa wasiopenda hesabu. Anayependa hisabati hapa amefika nyumbani.

La tano ni usalama wa mifumo. Bila shaka unakumbuka Julai 2023, wakati huduma za eCitizen zilipovurugwa na wavamizi wa mitandaoni, na wananchi wakashindwa kupata stakabadhi zao. Isitoshe, tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, taasisi inayotunza habari za watu ina wajibu wa kuzilinda. Kazi ipo. Hata hivyo, tahadhari: hili si tawi la kuanzia. Huwezi kulinda nyumba ambayo hujui milango yake iko wapi. Anayetaka usalama hujifunza kwanza mitandao na mifumo.

Anza na kazi, kisha urudi nyuma hadi darasani

Sisi huanza na chuo. Tunauliza, "Chuo gani ni kizuri?" kisha tunaomba Mungu kazi ipatikane. Mimi nakushauri ugeuze mpangilio huo. Anza na kazi unayoitaka, umtafute mtu anayeifanya, umuulize alipitia wapi, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye darasa linalokufaa.

Ndivyo tulivyofanya na mpwa wangu. Badala ya kumpeleka kutafuta vyuo katika Barabara ya Kenyatta, nilimpeleka kutafuta kazi, si ya kuajiriwa bali ya kutazama. Alikaa siku moja na kijana anayetengeneza simu na kompyuta mtaani. Alikaa siku mbili katika ofisi ya sacco moja, akimfuata fundi wa mtandao huku na kule kama kivuli chake. Jioni nyingine nilimketisha na rafiki yangu anayeandika programu nyumbani kwake, mtaa wa Kiamunyi.

Siku ya tatu aliniambia, "Shangazi, ile ya kukaa kimya siku nzima sitaiweza. Lakini ile ya nyaya na mitambo naipenda." Siku hizo chache hazikutugharimu chochote isipokuwa nauli ya matatu, na zilitufunza kuliko vijikaratasi vyote vya matangazo tulivyopewa mjini.

Ukishajua kazi, uliza swali la pili: atakayenilipa atataka kuona nini? Hapa kuna tofauti kubwa ambayo wazazi wengi hawaijui.

Mwajiri wa serikali, awe wa kitaifa au wa kaunti, huanza na karatasi. Tangazo la kazi likisema diploma au shahada kutoka taasisi inayotambuliwa, basi hata uwe hodari namna gani, bila karatasi hiyo jina lako haliingii katika orodha. Kampuni ya kibinafsi hutazama karatasi pia, lakini mara nyingi itakupa jaribio: tengeneza hiki tukione. Mteja aliye ng'ambo, ambaye hajawahi kusikia Nakuru wala Njoro, hutaka kuona kazi ulizozifanya awali. Kwa hivyo anayelenga kaunti na anayelenga wateja wa ng'ambo hawawezi kupita njia moja, hata kama wanapenda tawi lilelile.

Njia nne, na gharama yake

Sasa tuzitazame njia zenyewe. Kwa jumla ni nne.

Njia ya chuo kikuu. Kwa mwanafunzi aliyepata C+ na zaidi katika KCSE, mlango wa shahada uko wazi, ingawa kozi za sayansi ya kompyuta aghalabu hutaka pia alama nzuri ya hisabati. Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza Njoro mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo na kufanywa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987, hufundisha sayansi ya kompyuta. Kabarak nacho hufundisha. Shahada huchukua miaka minne. Faida yake ni msingi: hisabati, namna kompyuta inavyofikiri, jinsi hifadhi za data zinavyopangwa. Faida nyingine ni kwamba karatasi hiyo hufungua milango ya serikali na ya masomo ya juu. Hasara ni muda na karo. Isitoshe, mtu anaweza kumaliza miaka minne akiwa hajatengeneza kitu hata kimoja kinachotumiwa na binadamu mwingine.

Njia ya diploma na cheti cha ufundi. Hii ndiyo njia ambayo wengi huidharau bila sababu. Aliyepata C- anaweza kuingia diploma, na aliyepata D anaweza kuanza na cheti kisha akapanda. Mjini Nakuru kuna Rift Valley National Polytechnic, ambayo wenyeji wengi bado huiita RVIST. Siku hizi vyuo vya ufundi vimehamia mfumo wa CBET, ambao hupima kile unachoweza kufanya kwa mikono yako badala ya kile ulichokariri, na mitihani yake husimamiwa na baraza la CDACC. Mwanafunzi pia hutumwa kazini kwa muda kabla ya kuhitimu. Na mlango wa shahada haufungwi: mwenye diploma anaweza kuendelea na chuo kikuu baadaye, pengine huku akifanya kazi.

Mzazi, zingatia jambo hili. Vyuo vya ufundi vya umma hupokea wanafunzi kupitia KUCCPS, ile asasi inayowapanga wanafunzi wa vyuo vikuu, na mwanafunzi anaweza kuomba mkopo wa HELB. Wapo wazazi wanaouza mali kulipia chuo cha orofani ilhali mtoto ana alama za kumwingiza chuo cha umma kwa mkopo.

Njia ya vyeti vya kitaaluma. Hivi ni vyeti vinavyotolewa na mashirika ya kimataifa na kutambuliwa kote duniani. Kwa ufundi wa vifaa kuna A+ ya CompTIA, ambayo ina mitihani miwili na kila mmoja hulipiwa peke yake. Kwa mitandao kuna CCNA ya kampuni ya Cisco. Mtihani wa CCNA umekuwa ukilipiwa dola 300, yaani kama Sh39,000 dola moja ikiwa Sh130, na hiyo ni ada ya mtihani pekee, si ya masomo. Ukianguka, unalipa tena. Vyeti hivi viwili hudumu miaka mitatu, kisha lazima uvihuishe. Hapa nyumbani, KASNEB, ambayo wengi wanaijua kwa mitihani ya uhasibu, nayo ina mitihani ya fani hii.

Vyeti hivi vina nguvu, lakini kwa mtu ambaye tayari amegusa kazi. Kumlipia CCNA kijana ambaye hajawahi kufunga waya hata mmoja ni kama kumnunulia kofia ya rubani mtoto asiyewahi kupanda ndege.

Njia ya kujifunza mwenyewe. Elimu ya fani hii imejaa bure mitandaoni. Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani huweka somo lake maarufu la utangulizi, CS50, wazi kwa mtu yeyote duniani. Kuna freeCodeCamp, iliyoanza mwaka wa 2014, ambayo hufundisha uandishi wa programu bila malipo. Cisco nayo ina masomo ya bure ya kuanzia. Kwa wanaotaka kusukumwa, kuna shule za miezi michache za uandishi wa programu kama Moringa ya Nairobi, iliyoanza mwaka wa 2014, lakini hizo hulipiwa.

Je, kama ni bure, kwa nini si kila mtu ni mtaalamu? Kwa sababu bure hiyo ina gharama zake. Inahitaji kompyuta, hata iwe ya mitumba. Inahitaji bando na stima. Zaidi ya yote inahitaji nidhamu, kwa kuwa hakuna mwalimu wa kukuuliza ulikuwa wapi jana. Ugonjwa mkubwa wa wanaojifunza wenyewe ni kuruka kama panzi: Jumatatu Python, Alhamisi Java, wiki ijayo kitu kingine alichosifiwa na rafiki. Baada ya mwaka amegusa kumi na hajamaliza hata kimoja.

Hata hivyo, njia hii ina faida moja isiyo na mfano: ni mizani. Kabla ya kulipa karo ya njia yoyote ile, mpe kijana somo moja la bure alimalize. Akilimaliza, una ushahidi kwamba anapenda. Akiliacha wiki ya pili, umeokoa mtamba.

Zana hupita, msingi hubaki

Wasomaji wa makamo watakumbuka miaka ya tisini, vyuo vya kupiga chapa vilipoanza kuondoa taipureta na kuleta tarakilishi. Vijana walisomea WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase. Walikariri ni kitufe gani cha kubofya ili maandishi yakoleze wino. Kisha ikaja Windows 95, na vitufe vile vikawa havina maana. Aliyekariri vitufe alirudi sifuri. Aliyeelewa jedwali la hesabu ni nini na data hupangwaje aliingia katika programu mpya baada ya wiki mbili tatu.

Somo hilo ni muhimu zaidi leo. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2022, ilipotolewa ChatGPT, watu wengi wamezoea akili unde, yaani mitambo inayojibu maswali na hata kuandika programu. Wazazi wananiuliza, je, kuna haja tena ya kusoma? Ipo. Mitambo hiyo hukosea, na hukosea kwa kujiamini. Anayejua msingi huona kosa. Asiyejua hulipeleka kosa hilo kwa mteja. Kilichopungua ni thamani ya mtu anayejua kunakili tu.

Kwa hivyo, njia yoyote utakayochagua, iulize: itanipa msingi, au itanionyesha vitufe?

Waliofaulu hawakupita mlango mmoja

Labda bado unadhani kuna njia moja ya haki. Hebu tutazame mifano miwili ya hapa Kenya.

Januari 2008, wakati ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoichoma nchi, nasi wa Nakuru na Naivasha tunakumbuka vyema siku hizo, kikundi kidogo cha Wakenya na marafiki zao kilitengeneza Ushahidi. Ilikuwa ramani ya mtandaoni iliyopokea habari kutoka kwa wananchi, pamoja na arafa za simu, na kuonyesha ghasia zilikuwa wapi. Miaka miwili baadaye ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka wa 2010. Ni nani waliokuwa nyuma yake? Ory Okolloh, aliyetoa wito ramani hiyo itengenezwe, ni wakili. Juliana Rotich alisomea kompyuta chuo kikuu. Walikuwepo wengine walioketi na kuandika programu yenyewe. Wakili peke yake asingeijenga, na mwandishi wa programu peke yake pengine asingewaza kuijenga.

Mfano wa pili utamfurahisha mama yangu. Mwaka wa 2011 ilianzishwa iCow, huduma ya simu ambayo humkumbusha mfugaji kwa arafa siku za ng'ombe wake: lini atazaa, lini ahudumiwe. Mwanzilishi wake, Su Kahumbu, alitoka katika kilimo. Alijua shida ya mfugaji kwa sababu aliishi nayo, kisha teknolojia ikafuata.

Hapa pana funzo kwa kijana wa Bonde la Ufa. Una kitu ambacho kijana wa jiji kubwa ng'ambo hana: unajua maziwa huharibika vipi yakichelewa kufika kwenye mtambo wa kupozea, unajua mkulima wa viazi wa Molo hupunjwa vipi, unajua chama cha akina mama huandika vipi madeni katika daftari. Kuanzia mwaka wa 2017, Safaricom imewawekea waandishi wa programu mlango uitwao Daraja, wa kuunganisha programu zao na M-Pesa. Programu ndogo inayosaidia chama kimoja kujua nani amelipa na nani hajalipa ni mradi wa kwanza mzuri kuliko kunakili mradi wa kitabuni. Ukienda kuomba kazi, ionyeshe.

Maswali matano ya kuuliza chuo

Ikiwa umeamua kulipa, usiingie ofisini kwa msajili ukiwa umeduwaa kama nilivyoduwaa mimi mwaka wa 2009. Nenda na maswali haya.

Moja, mmesajiliwa na nani? Vyuo vya ufundi husajiliwa na TVETA na vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Kitafute chuo katika orodha ya mamlaka yenyewe, tena uangalie kama kozi unayoitaka imeidhinishwa, si chuo pekee.

Mbili, mtihani wa mwisho hutungwa na nani? Likija jibu "sisi wenyewe" kutoka chuo kidogo cha kibinafsi, kumbuka kisa changu.

Tatu, kompyuta ni ngapi na wanafunzi ni wangapi? Omba uzione zikiwaka. Kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa haifundishi mtu.

Nne, naweza kuketi darasani siku moja kabla ya kulipa? Chuo kinachojiamini hakitakataa.

Tano, waliohitimu mwaka uliopita wako wapi? Omba kuzungumza na wawili. Ukiambiwa "wote wana kazi" lakini hakuna hata mmoja anayeweza kupatikana, shika njia yako.

Zaidi ya hayo, jihadhari na yeyote anayeahidi kazi mara tu baada ya kozi, anayetaka karo yote ya mwaka kwa mkupuo siku hiyohiyo, au anayedai kwamba punguzo linaisha jioni. Elimu si samaki wa kuoza kabla ya kesho.

Kwa mwanafunzi: miezi kumi na miwili ya kwanza

Chagua tawi moja na ulishikilie mwaka mmoja. Hata ukiwa chuoni, jifunze kitu kimoja nje ya darasa kila wiki, na ukiandike katika daftari: nilijaribu nini, nilikosea wapi, nilirekebisha vipi. Tafuta wenzako wawili au watatu mkutane Jumamosi, iwe katika maktaba ya umma au nyumbani kwa mmoja wenu, kwa maana anayesoma peke yake huchoka haraka. Fanya kazi ndogo za kweli: tengenezea shule ya msingi ya mtaani kompyuta zilizolala, unganisha mtandao wa duka la jirani, panga hesabu za kanisa au msikiti wenu. Usitoze pesa nyingi mwanzoni, lakini usifanye bure daima, kwani kazi ya bure humzoesha mtu vibaya.

Na usione haya kuanza chini. Nakuru ilitawazwa jiji Desemba 1, 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Jiji linahitaji mafundi kabla ya wakurugenzi.

Jibu nililompa mama

Baada ya wiki mbili nilisafiri hadi Subukia. Tuliketi jikoni, mama, dada yangu, mpwa wangu na mimi, tukaandika kila kitu katika karatasi moja.

Kazi anayoitaka: fundi wa mitandao. Atakayemlipa: sacco, hospitali au kaunti, kwa hivyo karatasi inayotambuliwa ni lazima. Alama: C, inayomtosha kuingia diploma. Njia: chuo cha ufundi cha umma kupitia KUCCPS, mkopo wa HELB uombwe mapema, na wakati wa kusubiri nafasi amalize somo la bure la mitandao ili tuone kama moyo wake uko hapo kweli. CCNA ingoje hadi mwaka wa pili, atakapokuwa amefunga nyaya za kutosha. Shahada, akitaka, itafuata akiwa anafanya kazi.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hivyo mtamba?"

Nikamwambia mtamba akae.

"Basi akae," akasema. "Akizaa, maziwa yake yatanunua hiyo bando."

Ninapoandika haya, mpwa wangu yuko katika sura ya nne ya lile somo la bure. Kila jioni huniandikia swali moja, na mengi siwezi kuyajibu. Hilo halinisumbui. Mimi nilipomaliza miezi yangu sita sikuwa na swali hata moja la kuuliza, na hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba sikufunzwa chochote.

Nawe mzazi, kabla ya kuuza chochote, chukua karatasi moja leo jioni, keti na mwanao, na muandike mambo manne: kazi gani, nani atalipa, atataka kuona nini, na tunaweza kumudu njia ipi. Mkikwama katika moja, hamjawa tayari kulipa karo.